Mbona mtoto mwenyewe haulizwi?

Dada yangu ana kijana wa miaka 14 mwenye usonji (autism), wanaishi Nkuhungu hapa Dodoma, na mi ndo mama yake mdogo kwa hiyo nimezunguka naye sana. Kinachoniuma ni hiki, karibu kila tulipoenda kwa ajili ya ushauri nasaha anayeshauriwa ni dada. Kijana anakaa pale pembeni, mnasihi anauliza analala vizuri, anakula, anapiga wenzake, dada anajibu, tunapewa tarehe ya kurudi tunaondoka. Yeye mwenyewe hajaulizwa hata kitu kimoja. Haongei sana, ni kweli, lakini ukimwonyesha picha mbili anachagua, ukimpa muda anajibu. Na sasa hivi mwili unabadilika, sauti inakwaruza, ndevu zinaanza, sa hayo nani atamweleza kwa namna anayoelewa?

Najua kwa nini wazazi wengi tunapokea tu. Hapa Dodoma ukisema unampeleka mtoto kwa mtu wa saikolojia, swali la kwanza ni "Mirembe?" Hiyo ni hospitali ya magonjwa ya akili, ipo tangu 1927 na imesaidia watu wengi, ila mitaani jina lake limegeuzwa tusi, kwa hiyo mama anaenda kwa kujificha na akishafika anashukuru chochote atakachopewa. Wengine hela zimeishia kwa waganga. Usonji sio kurogwa wala sio mama kudekeza, zamani hata huko Marekani kuna madaktari waliwalaumu akina mama kwamba hawana upendo ndo maana watoto wako hivyo, ikaja kuonekana sio kweli kabisa. Ubongo wake unafanya kazi tofauti tangu anazaliwa na hamna dawa ya kuuondoa usonji. Kilichopo ni kumfundisha, na kufundisha kunataka muda jamani.

Chukua kwenda dukani tu. Tulianzia nyumbani, napanga sabuni na kiberiti mezani yeye ananunua kwangu, noti ya bluu elfu moja, nyekundu elfu kumi, na mfukoni ana kadi yenye picha ya anachoenda kununua. Halafu tukawa tunaenda wote, halafu mi nasimama kwenye mwarobaini yeye anamalizia. Akawa anafika karibu anaziba masikio anageuza, tukadhani anamwogopa muuzaji, yani wiki nzima tunamlazimisha bure, kumbe ni mashine ya kusaga iliyo jirani. Tukahamishia asubuhi kabla haijawashwa, akafika. Hiyo ndo kazi ningependa mnasihi aifanye na sisi, atuulize hilo swali la kelele, la mwanga, la nguo inayomkwaruza, badala ya kutuambia tuwe wavumilivu. Mwezi wa saba na wa nane upepo wetu huu unagonga mabati usiku kucha, hasinzii, kesho yake shuleni wanasema leo amekuja mkorofi.

Na huyu angalau usonji wake unaonekana. Yule asiyetulia dakika mbili, au anayechanganya herufi mpaka darasa la sita, hata jina la tatizo hapewi, anaitwa mtundu, anaitwa mvivu, anachapwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inazungumzia elimu na mafunzo ya ufundi, sawa, ila vijana wengi ninaowajua mimi wakishavuka umri wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu cha shule ya msingi wanabaki uani kwao, na ndo umri ambao wangefundishwa kupanda daladala, kupika, kukataa mtu asiwaguse.

Jumamosi alienda dukani peke yake. Akarudi na sabuni na chenji yote, akaiweka mezani, akaenda kwenye boksi la picha akapekua, akaja na ya soda akaiweka juu ya hela, akanishika mkono.