Sifa za Malindi Tumempa Asiyestahili

Mgeni akifika Malindi lazima apelekwe kwenye nguzo ya Vasco da Gama, apige picha, asimuliwe jinsi Mreno yule alivyovuka bahari hadi India. Mimi naona sifa hizo zimekosea njia. Aliyemvusha ni Kusi, upepo utokao kusini, na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Aling'oa nanga Aprili 1498, na mwezi haukutimia akawa Calicut. Wakati wa kurudi akajitia ujuaji, akaiacha pwani ya India Oktoba, Kaskazi, upepo utokao kaskazini, haijaanza. Walitaabika baharini miezi mitatu, mabaharia wakifa kwa kiseyeye. Walipofika Malindi Januari 1499, watu walikuwa wachache mno hata ikabidi merikebu moja ichomwe moto kwa kukosa wa kuiendesha.

Na pepo hizo asili yake ni jinsi mabara yalivyokaa. Atlantiki iko wazi hadi kwenye barafu ya kaskazini. Bahari yetu sisi imezibwa na Asia. Bara lile likipata joto, hewa yake hupanda na upepo wa baharini huvutwa kwenda huko. Likipoa, upepo hurudi kwetu. India yenyewe zamani ilishikana na Madagaska. Ilibanduka, ikasogea, ikaigonga Asia yapata miaka milioni 50 iliyopita na kuinua Himalaya, milima inayozidi kuipa Kusi nguvu.

Lakini kilichotuumba zaidi sisi Waswahili, kwa maoni yangu, ni kule kungoja. Nahodha aliyeshuka na Kaskazi kutoka Arabuni hakuweza kuuza tende zake leo akarudi kesho. Ilimbidi angoje Kusi. Sasa miezi yote hiyo alale wapi, ale kwa nani, asali na nani? Wengine waliozwa papo hapo, wakawa mashemeji. Kusi iliposhika, jahazi liliondoka Lamu limesheheni boriti za mikoko, za kuezekea huko kusiko na miti. (Boriti hizo hizo ndizo zilizofanya vyumba vya nyumba za kale za Lamu viwe vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi.)

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba wageni ndio waliotujengea utamaduni huu. Anayengoja upepo ni mtu wa kupiga hodi. Alimkuta mwenyeji na mji wake, na ilimlazimu ajifunze lugha ya mwenyeji. Maneno ya Kiarabu, Kiajemi na Kihindi yaliingia kwa wingi, ila sarufi ilibaki ya Kibantu.