Lile jengo la kona lirudishiwe kibaraza chake, na libaki kuwa maduka

Mbukwenyi wadau.

Mnaopita mjini kati mmeshaona, lile duka la kona kule Uhindini hapa Dodoma, lililovalishwa alukobondi (yale mabamba ya alumini ya kufunika kuta) miaka yote hii, limevuliwa. Mafundi wamesimamisha mirunda wakaanza kubandua mabamba moja moja, na nyuma yake kikatoka kitu ambacho wengi tulishasahau kama kipo. Nguzo za mviringo zimezikwa ndani ya ukuta wa tofali za bloku, juu kuna ule ukuta mfupi wa ngazi ngazi unaoficha bati, na katikati yake jina la mwenye duka wa zamani limetokezwa kwa lipu, herufi nusu zimetobolewa na drili ili boliti za alukobondi zipite. Nilisimama katikati ya njia naangalia juu mpaka bodaboda akanipigia honi.

Picha ikarushwa kwenye grupu letu, jibu la kwanza likawa "hicho kibanda wapige chini, mji unataka maghorofa", la pili "si la Wahindi hilo, linatuhusu nini". Likes zikamiminika. Ndo maana naandika, kwa sababu nimekaa na hili jambo moyoni na limekataa kutoka.

Naanza na kibaraza maana hapo ndo penye roho ya jengo lile. Zile nguzo zilizozikwa hazikuwekwa kwa ajili ya urembo, zilikuwa zinashika paa la kibaraza kinachokwenda urefu wote wa jengo, upande wa barabara zote mbili, na jirani naye alikuwa na cha kwake, na mwenzie vile vile, kwa hiyo mtu akishuka stesheni ya zamani akaingia mjini anatembea kivulini duka hadi duka. Kila anayeijua Dodoma saa nane mchana mwezi wa kumi anaelewa hiyo maana yake nini. Jua letu halina huruma, mti wa kujibanza mjini hamna, na vumbi likiinuka unatafuta pa kuingia. Mvua nayo, hatupati nyingi, ni kama milimita 570 kwa mwaka, lakini ikianza kushuka kati ya Desemba na Aprili inashuka kwa hasira, na waliosimama vibarazani ndo wanabaki wakavu. Hao waliojenga walikuwa hawana kiyoyozi wala feni, wakaangalia jua linatoka wapi na upepo unapita wapi, wakaweka kivuli mbele ya ukuta na matundu ya hewa juu ya milango, joto likipanda linatokea juu na ndani kunabaki kunakalika.

Sasa angalia tulichofanya. Mji ulipoanza kuchangamka baada ya serikali kutangaza kuhamia mwaka 2016, kodi za fremu zikapanda, kila futi ikawa hela, wakafunga kibaraza wakapata fremu nyingine mbele. Matundu ya hewa yakazibwa kwa jipsamu. Milango ya mbao ikang'olewa, kikawekwa kioo kutoka chini mpaka juu kinachotazama magharibi, jua la jioni lote linaingia ndani, na nje zikaning'inizwa AC zinazodondosha maji kwenye vichwa vya wapita njia. Mfanyabiashara analipa umeme kwa ajili ya kupambana na joto ambalo jengo lilikuwa limeshalimaliza lenyewe bure. Na mtembea kwa miguu kasukumiwa barabarani, kwenye bajaji na bodaboda, mama na mtoto mgongoni na kapu la sokoni.

Nimeongea na mzee mmoja fundi cherehani ambaye alikuwa anakaa pale kabla ya kufungwa. Nikamwamkia, nikamuuliza kazi ilikuwaje. Akaniambia, "Mwanangu, pale tulikuwa mafundi wengi. Ndani wanauza vitambaa, mteja akishanunua anageuka tu nje anapimwa, jioni anarudi anachukua gauni lake. Walipofunga kila mtu akaenda kivyake, wengine hata sijui waliishia wapi." Mwenye duka alikuwa anauza kitambaa zaidi kwa sababu fundi yupo mlangoni, fundi anapata mteja kwa sababu duka lipo nyuma yake, na mteja haungui jua. Hiyo ilikuwa biashara kamili, ya watu watatu kunufaika sehemu moja, na tumeiua kwa ajili ya fremu nyembamba ambayo imebadilisha wapangaji mpaka hatuwakumbuki majina.

Kuhusu hilo la Wahindi. Dodoma kama mji imekua na reli, Wajerumani wameifikisha hapa mnamo 1910, na maduka yakafuata reli. Ndiyo, wenye maduka wengi walikuwa Wahindi, mtaa wenyewe unaitwa Uhindini hakuna anayeficha. Lakini mawe yalipasuliwa na nani? Tofali zilichomwa na nani, zege lilibebwa kichwani na nani? Na waliokuwa wananunua kaniki na chumvi na sukari ni babu zetu na bibi zetu wanatembea kutoka Bahi na Hombolo. Halafu ikaja sheria ya kutwaa majengo ya 1971, nyumba za kupangisha za thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na serikali, Msajili wa Majumba akazisimamia mpaka 1990 alipounganishwa na Shirika la Nyumba. Familia nyingi zikaondoka nchini. Kwa hiyo kuta za mitaa ile zina reli ndani yake, zina ukoloni, zina Azimio la Arusha, zina kuhamia kwa makao makuu, zina sisi tuliopelekwa pale kununuliwa sare za shule. Ukisema halikuhusu unajikata mwenyewe kwenye historia ya mji wako, na mimi hilo linaniuma kweli.

Na msidhani sheria italiokoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja yale yaliyojengwa kabla ya 1863. Mwaka 1863 hapa mjini kulikuwa na pori na tembe za Wagogo, hamna duka. Waziri ana uwezo wa kutangaza jengo la baadaye kuwa la kulindwa, sawa, ila mpaka mtu apeleke hoja na faili lizunguke lile la kona litakuwa kifusi. Dar walau wana Boma la Kale la miaka ya 1866 na 1867 limekarabatiwa na lina kituo cha urithi wa majengo, watu wanaingia wanajifunza. Sisi makao makuu ya nchi, mimi sijaona hata orodha ya maduka ya zamani yaliyobaki ambayo mwananchi anaweza kuisoma.

Sasa kulirudisha kunafanyikaje, maana mapenzi peke yake hayasimamishi ukuta. Kwanza aitwe mhandisi kabla ya fundi wa rangi. Wakati wanapanua milango ili waweke vile vioo vikubwa walikata vipande vya ukuta vilivyokuwa vinabeba paa, wakapachika nondo na zege jembamba juu, na hapa tupo kwenye bonde la ufa, tetemeko tunalijua. Vile vipande virudishwe. Hapo nawapa haki yao wanaosema jengo linaweza kuwa hatari, ni kweli linaweza, lakini lililolitia hatarini ni marekebisho ya juzi, sio uzee.

Pili, lipu. Palipobanduka unaona mawe na tofali za kuchoma zilizoshikwa na chokaa. Ukuta wa namna hiyo unapumua, unyevu unaopanda kutoka chini unatokea nje kupitia chokaa na kukauka. Walipoupiga saruji ngumu juu yake unyevu ukakosa pa kutokea, ukala tofali kwa ndani, ndo maana kule chini ukigusa kwa kidole linamomonyoka kama ugali wa jana. Na ukichanganya lipu kwa maji ya kisima chetu yenye chumvi unaongeza tatizo, ile poda nyeupe kwenye kuta zetu sote tunaijua. Kwa hiyo saruji itolewe taratibu kwa patasi, sio kwa nyundo kubwa, na irudi chokaa. Mafundi wa chokaa bado wapo, Bagamoyo na Zanzibar wanafanya kazi hiyo, waletwe na vijana wetu wa VETA wakae pembeni yao washike mwiko. Kenchi zikaguliwe mchwa, mbao mbovu zibadilishwe, nzima ziachwe. Pale ambapo hakuna anayejua mlango ulikuwaje, wekeni mlango wa mbao wa kawaida, wa heshima, msibuni nakshi ambazo hazikuwepo.

Halafu matumizi. Hapa najua nitagombana hata na walio upande wangu. Sitaki iwe makumbusho. Sitaki pia igeuzwe mgahawa mmoja mkubwa wa kapuchino ambao mlinzi mlangoni anakuangalia viatu. Lile lilijengwa liwe maduka, na likirudishwa liwe maduka, fremu ndogo ndogo kwa upana wake ule ule wa zamani, vitambaa, viatu, dawa, stationari, mtu wa zabibu na karanga, na kibaraza kiwe wazi kwa mafundi cherehani wachache kwa utaratibu na ada ndogo inayojulikana, sio kufukuzana na mgambo. Mji ulikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012, ikaja 2022 tukawa 765,179, na tangu treni ya SGR ianze 2024 kila siku wanashuka wageni wanaouliza mjini kuna nini cha kuona. Wapite pale wanunue kitenge na washonewe. Mji unaonekana kwa watu wake wakiwa kazini.

Mwenye mali atasema hiyo hailipi. Sawa, namwelewa, kiwanja cha kona mjini kati kina thamani na hakuna anayetakiwa kula hasara kwa ajili ya kumbukumbu zetu. Lakini nyuma kuna ua mkubwa, kule zilikokuwa stoo na jiko, umejaa mabati na maboksi. Ajenge hapo nyuma, aende juu ghorofa tatu nne, ofisi, vyumba, apendavyo, mradi asogee nyuma ya jengo la mbele na asilikalie kichwani. Jiji nalo lisaidie, limpunguzie ada ya kibali kwa kubakiza la mbele, na lisimlazimishe kutafuta parking mahali ambapo haiwezekani. Ule mpango wa mji mkuu wa 1976 ulitaka Dodoma iwe mji wa watembea kwa miguu na mabasi. Kibaraza kimoja kikifunguliwa jirani naye ataona wateja wanavyosimama kwake, atafungua cha kwake.

Kuna wanaosema tusubiri, tusikurupuke. Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria kule Unguja, ilisubiri ukarabati miaka mingapi, mpaka 25 Desemba 2020 upande wake ukaanguka na watu wawili wakafa. Jengo lililobanduliwa nusu haliwezi kusubiri. Hivi sasa paa limetobolewa upande wa kona na kuta zipo uchi bila lipu, na mvua haiko mbali. Kwa hiyo kabla ya mjadala mwingine wowote, mwenye jengo aweke bati la muda na turubai juu, aziegemeze nguzo mbili za mwisho kwa mirunda, na asimamishe kile kikosi cha nyundo mpaka mhandisi apite. Na nyie wenye picha za zamani, zile mlizopiga siku ya harusi au Idi mkiwa mmesimama mtaa ule, angalieni nyuma yenu kwenye picha kuna nini. Kama linaonekana lile duka, mlango wake, nguzo zake, rangi yake, ipigeni kwa simu muitume, mafundi wanaihitaji wiki hii.