Traka inamwona dereva, haimwoni aliyempangia safari

Siku hizi ukiajiriwa udereva kwenye kampuni au mradi wowote hapa Dar, kabla hujapewa hata funguo unasainishwa sera ya usalama barabarani. Kurasa kumi na kitu. Usizidi 80, usiguse simu, usibebe abiria, mkanda muda wote, saa kumi na mbili jioni gari iwe imepaki. Halafu unaonyeshwa kidude kimefichwa chini ya dashibodi, wanaita traka, wengine wanafunga na kamera inayokukodolea usoni, unaambiwa kila unachofanya kinasoma ofisini. Madereva wanasema tunachungwa kama wezi, ofisi inasema tusipowachunga mtatuua na mafuta mtayamaliza. Mi huo ugomvi nimeukaa pande zote mbili, miaka saba nimeendesha gari za watu, sasa hivi niko mezani ndo naziangalia hizo gari kwenye skrini, kwa hiyo pande zote zitanichukia kidogo.

Nianze na ofisi maana ndo inatukanwa sana vijiweni na mimi mwenyewe niliitukana mno. Madereva tuna mambo yetu, tusidanganyane. Dereva anapewa mafuta ya kwenda Mbeya na kurudi, lita ishirini zinabaki kwenye dumu la mtu njiani, sasa ili hesabu ya logibuku, lile daftari la safari za gari, itimie inabidi ayabane mafuta mahali, na pa kubania ni kwenye miteremko. Wakati wa kurudi akifika Kitonga, ule mlima wa Iringa, anatia nyutro gari ishuke yenyewe. Anayeijua Kitonga anajua maana yake, kona juu ya kona, ukishatoa gia injini haikushikilii tena, uzito wote unabebwa na breki peke yake, zinachemka, pedali inaanza kuzama mguuni na mbele yako kuna semi imebeba shaba inatambaa. Ndo maana mtu akiniambia wizi wa mafuta ni hasara ya tajiri tu na hauhusiani na ajali namuona hajawahi kushika usukani kwenye mlima.

Kubeba vichwa nako. Gari inarudi tupu, pale Msamvu Morogoro unaokota watu wanne wa elfu kumi kumi, unajiona mjanja. Ikipinduka sasa? Wewe dereva una pa kuanzia, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015 na unamhusu mfanyakazi aliyeumia kazini, ila yule mama uliyempakia Msamvu si mfanyakazi wa mtu, hayumo kwenye karatasi yoyote, na ndugu zake wakitafuta wakili mlango wa kwanza kugongwa ni wa kampuni, kwa sababu dereva akisababisha madhara akiwa kwenye shughuli za mwajiri, mwajiri naye anavutwa. Kwa hiyo ofisi ikitaka kujua gari yake imesimama Msamvu dakika kumi kufanya nini, mi siwezi kusema ni umbea.

Halafu kuna mwendo. Kwa trafiki tulishazoea, gari za mbele zinakuwashia taa, unajua kuna tochi ya kupima mwendo, unashuka mpaka 50 unapita kama bwana harusi, ukishapita kona unakanyaga. Ukipigwa elfu 30 unalipa, au ukiacha deni linasoma kwenye namba ya gari mpaka mhasibu aligundue mwenyewe. Traka haiwashiwi taa na mtu, hapo ndo ilipotuweza. Na kile kibao cha 50 cha kijijini ambacho wote tunakiona kero hakijawekwa kumpatia trafiki riziki, Shirika la Afya Duniani linasema mtembea kwa miguu akigongwa na gari iliyo kwenye 65 uwezekano wa kufa ni mara nne na nusu ya akigongwa kwenye 50. Tofauti ya kumi na tano tu, yaani ile tunayoiita "nilikuwa natembea kawaida".

Mpaka hapo ofisi inaongoza. Sasa twende Dodoma.

Tangu serikali ihamie kule, kila kampuni na kila shirika lina safari za Dodoma, na mabosi wengi wanapenda kwenda na kurudi siku moja. Dar mpaka Dodoma ni kama kilomita 450. Ukigawa kwa 80 unapata saa tano na nusu, ndivyo wanavyopiga hesabu mezani, sasa ongeza vibao vya 50 vyote, ongeza foleni ya Kibaha mpaka Chalinze na malori yake, ongeza chai, ukifika kwa saa saba umefika vizuri. Kikao ni saa tano asubuhi kwa hiyo mmetoka Dar saa kumi alfajiri na dereva ameamka saa tisa. Kikao kinaisha saa kumi jioni, mnageuza, mnaingia Dar saa sita usiku. Saa 20. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku ya kazi ni saa 9, na hata ukiweka ovataimu zisizidi 12 kwa siku, na kila saa tano mfululizo mtu apate mapumziko ya saa nzima. Ile sera uliyosainishwa nayo inasema saa kumi na mbili jioni gari iwe imepaki, ila soma mstari wa chini, "isipokuwa kwa kibali cha meneja". Na meneja ndo huyo aliyekaa siti ya nyuma.

Kuna safari moja ya hivyo sitaisahau, kampuni siitaji. Jioni bosi ametoka kikaoni anafuraha, mambo yake yamepita. "Kijana, tugeuze leo leo, kesho saa tatu nina bodi." Nikamwambia bosi kama inawezekana tulale hata Moro. Akacheka kabisa, "Si umelala mchana kutwa humo kwenye gari?" Kweli nilikuwa nimelaza siti, lakini jua la Dodoma mnalijua, umefungua vioo vyote unatoka jasho huku unasikilizia simu isije ikaita ukakutwa umesinzia, huo nao unaitwa usingizi? Nikawasha. Kibaigwa, Gairo, Dumila, karanga, tangawizi, ile kopo ya energi, kioo nimeshusha upepo unanipiga usoni. Moro tumepita saa tatu na kitu usiku, tumeshaipita Mikese, mimi najijua niko macho kabisa, kumbe sipo. Kilichoniamsha ni matuta ya rasta, ule mtetemo, gari imekula nusu ya upande wa pili na kwa bahati ya Mungu hakukuwa na kitu kinakuja. Kwenye 80 gari inakula mita 22 kila sekunde, sijui nilifumba macho sekunde ngapi na sitaki kujua. Bosi nyuma bila mkanda akainua kichwa, "Tumefika wapi?" Bwawani bosi. "Haya." Akalala tena.

Kilichonikaa kichwani ni ripoti ya siku ile, maana niliomba nionyeshwe. Safi. Mwendo wa juu kabisa 79, hakuna kosa hata moja, nilipewa alama za kijani. Kwenye gari ile kulikuwa na mtu mmoja aliyevunja utaratibu wa kampuni na mwingine aliyelala na usukani mkononi, na kifaa cha mamilioni kikaandika kijani.

Ndo maana nasema traka si mbaya, ila inajibu swali dogo kuliko lile tunalotaka lijibiwe. Inajua gari ilikuwa wapi na ilikwenda kasi gani. Haijui nani alisema saa tatu lazima tuwe Dar. Dereva akikimbia kuwahi kikao cha bosi, kosa linaandikwa jina la dereva, faini inakatwa kwa dereva, barua ya onyo inapewa dereva, na bosi kwenye semina ya usalama ndo anafungua kwa maneno mazuri ya kuwaasa madereva wetu wapendwa.

Simu ndo inanichekesha zaidi. Kila mtu anajua usishike simu unaendesha, hao hao wa afya duniani wanasema anayetumia simu yuko hatarini kupata ajali kama mara nne ya asiyetumia. Sasa nimekaa ofisini na jamaa wa mauzo, skrini iko mbele yetu, anaona kabisa kirikuu yetu iko Mbagala inatembea 48, anachukua simu anampigia dereva, "uko wapi?" Kaka si unamuona hapo? Asipopokea ananuna, simu ya tatu anaanza kutuma meseji kwamba huyu kijana kiburi. Vijana wa mauzo wanaojiendesha wenyewe ndo wana hali mbaya kuliko sisi, anaendesha, anasambaza, anakusanya oda kwenye simu na kamisheni yake inategemea amefikia maduka mangapi, halafu tunamuandikia sera kwamba simu marufuku. Simu kweli iwe marufuku, na wa kwanza kukatazwa awe anayepiga.

Hizo alama za breki nazo zitazameni vizuri. Kifaa kinahesabu ukikanyaga breki ghafla. Mtoto amekatiza, umekanyaga, umemkwepa, umemuokoa, umepoteza alama. Dereva mmoja mtu mzima aliniambia bila aibu kwamba siku hizi anaanza kufikiria alama kabla ya mguu kufika kwenye breki. Labda alikuwa ananitania lakini mimi sikucheka. Kama unafunga kifaa basi awepo mtu wa kumpigia dereva jioni amuulize pale Mlandizi kulitokea nini, siyo kubandika orodha ukutani kama matokeo ya darasa la saba. Za kamera ya usoni sitasema mengi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, mtu aambiwe nini kinarekodiwa na nani anaangalia, na akishamaliza kazi kamera isimfuate nyumbani.

Mniruhusu niwageukie tena madereva wenzangu maana naona mnanishangilia mapema. Suala la kulala. Ofisi ikikubali mlale Moro inatoa posho, na posho ile wengi wetu hatulali nayo. Unachukua hela ya gesti, unalala kwenye gari umejikunja kama chapati, asubuhi una hela ya ada ya mtoto na macho mekundu. Au mnapewa posho ya usiku mbili, kazi mnaimaliza siku ya kwanza, usiku mnarudi kimya kimya ili ya pili ibaki mfukoni. Nimefanya. Ofisi ikisema tunawapa hela ya kupumzika na hawapumziki haijasema uongo. Baadhi wameamua kulipia gesti moja kwa moja, dereva hashiki hela, na madereva wamekasirika mpaka wengine wameacha kazi. Mi kwenye hili niko na madereva kwa robo tatu. Mshahara wa udereva unajulikana, posho ndo inaziba lile pengo, ukiichukua bila kugusa mshahara hujaongeza usalama, umehamisha tatizo tu, kesho atalitafuta kwenye tenki la mafuta na tunarudi kulekule Kitonga na nyutro. Robo iliyobaki naipa ofisi kwa sababu mtu aliyelala kwenye siti akimgonga mtu kesho yake, sababu ya ada haitamsaidia aliyegongwa.

Kuna wanaosema basi dereva apewe haki ya kukataa, akichoka aseme nimechoka. Kwenye karatasi inapendeza. Ila nani atamwambia mkurugenzi "bosi mimi siendeshi" saa kumi na moja jioni palepale Dodoma, na mkataba wake unaisha Desemba? Hata kumwambia afunge mkanda siti ya nyuma tu dereva anashindwa, anaona ni utovu wa adabu, anafunga wake anaomba Mungu. Haki ya namna hiyo ina maana akiwepo mtu wa tatu wa kumpigia, ambaye si bosi wa safari, na mwenye mamlaka ya kusema hiyo gari inalala hapo.

Au gari isiende kabisa. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, ile ya haraka ni kama saa tatu na nusu, bosi anakaa anasoma makabrasha yake, anafika hajakunja hata shati. Wa kumpokea stesheni hakosekani. Tumejaribu kulipendekeza hapa kazini kwa safari za siku moja, wahasibu wamelipenda kuliko mabosi, kuna heshima fulani ya kushuka kwenye Land Cruiser getini wizarani ambayo bajaji kutoka stesheni haiwezi kukupa.

Basi mwezi uliopita nilipotoa ripoti ya traka yalikuwepo majina ya madereva sita, makosa yao, alama zao, saa walizotembea usiku. Nikamwambia kijana wa IT aniongezee kolamu moja tu, "safari imeombwa na nani, na ameruhusu nani kutembea usiku". Akaniambia kitaalamu ni dakika tano. Halafu akasema ngoja kwanza aulize uongozi. Bado anauliza.