Mnacheka kalamu, kuponi je?

Ile video imerudi tena. Safari hii kaileta mtu ninayemheshimu kwenye kundi letu la WhatsApp, na chini yake zimefuata emoji za kucheka mpaka skrini ikajaa. Mnaijua. Aprili 2011, Rais wa Cheki, Václav Klaus, yuko Chile, kaketi kando ya mwenyeji wake, Rais Sebastián Piñera, mbele ya waandishi wa habari. Anafungua kasha la kalamu, anaitazama, anaishusha chini ya meza, inaingia mfukoni. Kasha anarudisha mezani, uso mkavu, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Inachekesha, sikatai. Na huenda kweli ilikuwa zawadi. Wageni wa serikali hupewa kalamu kila siku. Kinachonichoma ni kwamba kwa wengi wetu Václav Klaus ni hiyo kalamu, basi. Mtu aliyesimamia mgawo wa viwanda vya nchi nzima tumemfunga kwenye kichekesho cha dakika moja.

Sifa zake nizimalize mapema, maana anazo. Alizaliwa Praha mwaka 1941, akasomea uchumi, na mwishoni mwa miaka ya sitini akapata nafasi ya kwenda Cornell, Marekani. Vifaru vya Moscow vilipokwisha kuzima matumaini ya mageuzi ya 1968, ukaja usafishaji wa wasioaminiwa na chama cha kikomunisti. Mwaka 1970 alilazimika kuondoka katika Taasisi ya Uchumi, akaishia kwenye benki ya taifa, kazi ya makaratasi, miaka nenda rudi. Humo humo akawa anaendesha semina za uchumi, yeye na wenzake wakijadili mawazo ya Hayek na Friedman, wanauchumi wa soko huria, huku chama kikiwa bado madarakani. Hakufungwa jela kama Václav Havel, mwandishi mpinzani aliyekuja kuwa rais, na wala hakuwahi kuwapenda sana wale waliofungwa. Lakini Novemba 1989, watu walipofurika mitaani, akatokea ukumbi wa Laterna magika walikokuwa wanamapinduzi. Katikati ya washairi na waigizaji, yeye alikuwa miongoni mwa wachache walioweza kusoma bajeti ya serikali. Desemba akawa waziri wa fedha. Mwaka 1991 akaanzisha chama chake, ODS, na mwaka uliofuata akawa waziri mkuu.

Kisha akaketi na kiongozi wa Waslovakia, Vladimír Mečiar, katika jumba la Tugendhat mjini Brno, Agosti 1992, wakaafikiana kuivunja nchi. Tarehe 1 Januari 1993 Chekoslovakia ikawa mbili bila risasi hata moja, wakati Yugoslavia inaungua. Hilo nampa, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu wananchi hawakuulizwa kwa kura.

(Kama bado unaitafuta Cheki kwenye ramani, ndiko walikotoka Bata, hao hao wa viatu vyako vya shule. Makao yao ya Zlín yalitaifishwa 1945. Ukomunisti ulipoanguka ikatungwa sheria ya kurudishia watu mali zao, lakini ikagusa zilizochukuliwa kuanzia Februari 1948 tu. Bata wakabaki nje ya mlango.)

Sasa tuje kwenye kuponi, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Mpango wenyewe wa Klaus, ukiusikia, unataka kupiga makofi. Kila mtu mzima analipa korona (fedha ya huko) 1,035, kama robo ya mshahara wa mwezi wakati huo, anapewa kitabu cha kuponi chenye pointi 1,000. Kwa pointi hizo anagombea hisa za viwanda vya serikali, au anazikabidhi kwa mfuko wa uwekezaji umfanyie. Mali ya umma inarudi kwa umma. Nani angepinga? Mwanzoni watu walisita. Ndipo akajitokeza kijana mmoja, Viktor Kožený, hata miaka thelathini hajafika, na mifuko aliyoipa jina la Harvard. Aliwahi kusoma huko, lakini chuo chenyewe hakikuhusika. Akatangaza: nipe pointi zako, baada ya mwaka na siku moja nakurudishia mara kumi ya ulicholipa. Foleni zikazunguka mitaa. Wimbi la kwanza likaandikisha zaidi ya watu milioni 8 na nusu, katika Chekoslovakia, kabla haijavunjwa, yenye watu kama milioni 15.

Na msimamizi wa soko hilo nani? Hakuna. Tume ya kusimamia hisa na mitaji ilianzishwa 1998. Rudia kuusoma huo mwaka. Hisa zimegawiwa, mifuko imeota kila kona, na mlinzi anaajiriwa karamu ikiwa imekwisha. Ni kugawa nyama kabla ya kumfunga mbwa, halafu unamshangaa mbwa.

Mingi kati ya mifuko mikubwa ilianzishwa na benki, na benki hizo serikali bado ilikuwa na hisa nono ndani yake. Kwa hiyo benki inakopesha kiwanda ambacho mfuko wake yenyewe unakimiliki. Anayekishika kiwanda anauza mashine kwa bei ya kutupa kwa kampuni ambayo nayo ni yake, anachukua mkopo, mkopo unapotea, kinachobaki ni jina na wafanyakazi wasiolipwa. Wacheki wenyewe waliita mchezo huo kuchimba handaki. Mama aliyelipa korona 1,035 anabaki na karatasi. Kožený akaenda kuishi Bahamas. Mwaka 2010 mahakama ya Praha ilimhukumu miaka 10 jela akiwa hayupo. Madeni mabovu yakazizamisha benki, serikali iliyofuata ikazisafisha kwa fedha za walipa kodi, zikauzwa kwa wageni. Yaani mama yule alilipa tena, safari hii bila kupewa hata kitabu.

Wanaomtetea Klaus wana jibu: haraka ilikuwa lazima, kwa sababu mameneja wa enzi ya chama walikuwa tayari wanajikatia mapande, na kusubiri sheria kamili kungewapa nafasi ya kumaliza kila kitu. Hoja hiyo ina uzito, lazima niseme ukweli. Katikati ya miaka ya tisini waliokosa kazi walikuwa wachache mno kuliko kwa majirani, na wakubwa wa dunia walimsifu mpaka akaamini. Lakini mbona Škoda ya magari haikupitia kuponi? Mwaka 1991 ilipewa Volkswagen, mnunuzi anayejulikana, mkataba mezani. Kaangalieni Škoda ilipo leo.

Mwaka 1997 hesabu zikadai. Mei, korona ikayumba. Novemba ikafichuka kwamba wafadhili wawili wa ODS, waliochangia korona milioni 7.5, hawakuwa wafadhili: mmoja Mhungaria aliyekwisha kufa, mwingine mtu wa Mauritius asiye na habari. Mwenye pesa halisi alikuwa Milan Šrejber, mcheza tenisi wa zamani aliyekuwa amepata hisa katika kiwanda cha chuma cha Třinec kwa njia ya ubinafsishaji. Duniani kuna bahati! Klaus alikuwa Sarajevo rafiki zake wa chama walipomtaka ajiuzulu, na serikali ikaanguka.

Kwingine angestaafu. Yeye akawa spika, na mwaka 2003 bunge likamchagua kuwa rais kwa kura 142, mahali pa Havel. Miaka 10 ya ikulu sitaiandika yote. Aliandika kitabu kupinga hofu ya mabadiliko ya tabianchi. Aligoma kusaini Mkataba wa Lisbon wa Umoja wa Ulaya mpaka Novemba 2009, akiwa wa mwisho kati ya nchi 27. Kumbukeni hilo: huyu hakuwa mtu wa kusaini asichokitaka.

Tarehe 1 Januari 2013, miezi miwili kabla ya kuondoka, akatangaza msamaha. Wafungwa zaidi ya 6,000 wakatoka, wengi wao wa makosa madogo, na kwa hao sina neno. Soma kifungu cha pili. Kila kesi iliyovuta zaidi ya miaka 8 bila hukumu ya mwisho, kwa kosa lisilozidi kifungo cha miaka 10, ifutwe. Kesi gani huvuta miaka minane? Ya mwizi wa kuku huisha wiki ile ile. Zinazovuta ni za fedha, zenye mawakili ghali, na humo zikafutwa kesi kubwa za utapeli zenye maelfu ya watu waliopoteza akiba zao.

Shule na ofisi za miji zikaanza kuteremsha picha zake ukutani. Machi, Seneti ikamshtaki kwa uhaini, kura 38 kwa 30. Mahakama ya Katiba ikaifunga kesi bila kuamua kama alikosea: muda wake wa urais ulikuwa umekwisha. Na waziri mkuu Petr Nečas, ambaye saini yake ilihitajika chini ya ile ya rais, aliiweka.

Najua humu ndani wamo wapenzi wa soko huria watakaonirukia. Karibuni, nina muda. Ila msinianzie na Hayek. Anzeni na kifungu cha pili.