Sheria za biashara kazini: somo la kujenga au la kutisha?

Wapo wanaoamini kwamba ukitaka amani mahali pa kazi, wafundishe watu sheria. Wapo pia wanaosema kwamba siku wakili anapoingia ukumbini kufundisha, ndiyo siku wasimamizi na wafanyakazi wanapoacha kuzungumza na kuanza kuandikiana barua kama watu wenye kesi. Wote wameona wanachokisema. Jambo la kuuliza ni hili: ni sheria ipi iliyofundishwa, kwa nani, na ili iweje?

Nianze na wenye shaka, maana hoja yao hupuuzwa mno. Mafunzo mengi ya sheria kazini yalienea kama ngao ya mwajiri. Nchini Marekani, tarehe 26 Juni 1998, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili kwa siku moja, za mashauri ya Faragher na Ellerth, kuhusu unyanyasaji wa kijinsia unaofanywa na wasimamizi. Zilieleza kwamba pale ambapo mlalamikaji hakufukuzwa, kushushwa cheo wala kuchukuliwa hatua ya aina hiyo, mwajiri anaweza kujitetea kwa kuonyesha mambo mawili: kwamba alifanya bidii ya maana kuzuia na kurekebisha unyanyasaji, na kwamba mlalamikaji, bila sababu ya msingi, hakutumia njia alizowekewa. Waajiri wengi walichokisikia ni kuwa na sera, kufanya mafunzo na kutunza karatasi ya mahudhurio. Somo likawa risiti ya kuonyesha mahakamani.

Darasa la namna hiyo utalitambua kwa agizo lake kuu: "Andika kila kitu." Ushauri wenyewe si mbaya. Tatizo ni pale msimamizi aliyekaa miaka mitatu bila kuandika neno juu ya mfanyakazi anaposikia kwamba amelalamikiwa naye, kisha siku hiyohiyo anafungua jalada. Alichelewa dakika kumi. Hakupokea simu. Alijibu kwa dharau kikaoni. Huenda kila mstari ni wa kweli, lakini tarehe zinamsuta: zote ni za baada ya malalamiko. Wenzake ofisini huelewa maana yake kabla jaji hajaliona jalada. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, unasema wazi katika kifungu cha 5 kwamba kumlalamikia mwajiri kwa madai ya kuvunja sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Msimamizi alifundishwa kuandika, lakini hakufundishwa kwamba kuna maandishi yanayoonekana kisasi kuanzia mstari wa kwanza.

Madhara mengine huonekana kwenye suala la kuomba radhi. Akishaambiwa "usikiri chochote", kiongozi aliyemfokea mtu mbele ya wenzake hunyamaza, na ukimya wake humuumiza aliyekosewa kuliko ule ukali. Hofu hii mara nyingi hupita kiasi. Uingereza, kwa mfano, ilitunga sheria ya fidia mwaka 2006 ambayo kifungu chake cha 2 kinasema kuomba radhi, peke yake, hakuhesabiki kuwa ni kukiri uzembe au kuvunja wajibu wa kisheria. Mwalimu anayefundisha hatari ya kukiri bila kufundisha ulinzi wa aina hii, mahali ulipo, amefundisha nusu ya somo, tena ile nusu inayofunga midomo.

Sasa upande wa pili. Pasipo na sheria inayojulikana na wote, huwa kuna neno moja linalopendwa: "Sisi hapa ni familia." Neno tamu, lakini katika familia hiyo saa za ziada hazihesabiwi, likizo hutolewa kwa anayejua kuomba, na anayekosea huadhibiwa kulingana na hasira ya siku. Aliye karibu na bosi haoni shida yoyote. Anayeumia ni mgeni, ni kijana wa mkataba wa miezi mitatu, ni yule asiyejua kama alichofanyiwa ni kosa au ni kawaida ya hapo. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, ulilenga mahali hapohapo: unatambua kwamba ukatili na unyanyasaji kazini unaweza kuwa tukio la mara moja, si lazima ujirudie. Mtu asiyelijua hilo husubiri mara ya pili na ya tatu ili awe na "kesi". Huyo humwambii kwamba sheria inaharibu utamaduni. Kwake, kutoijua ndiko kulikomharibia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kufundisha, na kufundisha kwanza kanuni moja: haki ya kusikilizwa. Kifungu cha 7 cha ule Mkataba Na. 158 kinataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kazi kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake, isipokuwa pale ambapo haitarajiwi mwajiri aweze kumpa nafasi hiyo. Kanuni hii ni ya sheria na ni ya adabu kwa wakati mmoja, ndiyo maana inabeba yote mawili.

Ifundishwe kwa barua halisi. Chukua barua ya kutaka maelezo iliyokwishatumika hapo kazini, ifute majina, iweke mezani. Mara nyingi itasomeka hivi: "Umekuwa ukionyesha utovu wa nidhamu na uzembe. Jieleze ndani ya saa 24 kwa nini usichukuliwe hatua." Waulize washiriki: ungekuwa wewe, ungejibu nini? Hakuna cha kujibu, kwa sababu hakuna kilichosemwa. Wape dakika 20 waiandike upya: "Tarehe 4, 11 na 12 mwezi huu uliingia kazini saa 2:40 asubuhi, badala ya saa 2:00. Kifungu cha 6 cha taratibu zetu kinataka kutoa taarifa kabla ya kuchelewa, hatukuipata. Tafadhali eleza kilichotokea kufikia Ijumaa saa 10 jioni. Unaweza kuja kwenye kikao na mwenzako." Barua ya pili ina nguvu zaidi mahakamani. Pia haimtukani mtu, na inaacha mlango wazi kwa jibu ambalo msimamizi hakulitarajia, kwamba ratiba ya zamu ilibadilishwa na hakuambiwa.

Sheria ya mikataba, yaani ya ahadi na makubaliano kati ya watu, nayo ifundishwe kwa kuigusa kazi. Shauri la Carlill la 1892 nchini Uingereza hufundishwa karibu kila darasa la sheria za biashara: kampuni ilitangaza kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayepata mafua baada ya kutumia kifaa chake kama ilivyoelekezwa, ikaongeza kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haitanii. Mama mmoja akaugua, kampuni ikakataa kulipa, mahakama ikaiamuru ilipe. Walimu wengi huishia hapo, kwenye matangazo. Sogeza hatua moja: meneja anasimama kikaoni na kusema, "Tukifikisha lengo la robo hii, kila mmoja atapata nyongeza." Je, alikuwa anahamasisha tu au aliahidi? Je, alikuwa na mamlaka ya kuahidi? Jibu la kisheria litategemea nchi na maneno yaliyotumika. Lakini darasa likishaubishania mfano huo kwa nusu saa, mameneja hujifunza kuahidi kwa kipimo. Ahadi zinazosahaulika, nadhani, hubomoa imani kazini kuliko mishahara midogo.

Kuhusu mpangilio: vipindi vinne vya dakika 90, wiki moja kati ya kimoja na kingine, hufaa kuliko siku nzima ya kusinzia. Watu wasizidi 20, kwa sababu zoezi la barua halifanyiki ukumbini na watu 100. Waanze wasimamizi wa ngazi ya chini. Hao ndio wanaogawa zamu, kuruhusu likizo na kutoa maonyo. Wafanyakazi wengine wafuate ndani ya mwezi huohuo, kwa maudhui yaleyale, wasije wakahisi kuna siri. Na anayefundisha asiwe yule anayechunguza malalamiko wala anayeitetea kampuni mahakamani. Hakuna atakayeuliza swali la kweli mbele yake.

Kinachowashtua viongozi huja baadaye: malalamiko yanaongezeka. Wengi husimamisha mafunzo hapo, wakiamini somo limechochea watu. Mwaka 1996, mtafiti Amy Edmondson alichapisha utafiti wake kuhusu makosa ya dawa katika timu za hospitali, na timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi. Maelezo yake: hazikukosea zaidi, bali watu wake hawakuogopa kusema. Usihesabu malalamiko peke yake, basi. Hesabu siku kati ya lalamiko na jibu la kwanza. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2019 kuhusu watoa taarifa, yaani wanaofichua uvunjaji wa sheria kazini, imeweka siku 7 za kuthibitisha kupokea taarifa, na muda usiozidi miezi 3 tangu uthibitisho huo kueleza kilichofanyika. Hata mahali isipotumika ni kipimo kizuri cha kuazima. Hesabu pia maonyo yenye tarehe na tukio mahususi, na waliolalamika ambao bado wako kazini mwaka mmoja baadaye.

Upande wa wenye shaka unabaki na hoja mbili ambazo darasa haliwezi kuzifuta. Mshahara unaochelewa hautibiwi na semina. Kufundisha haki za mkataba huku mkataba wenyewe unavunjwa kila mwisho wa mwezi ni kuwakejeli watu. Ya pili ni ya biashara ndogo yenye watu sita, ambako mwenye mali ndiye mshitaki, shahidi na hakimu. Kanuni kwamba mtu asihukumu shauri lake mwenyewe haina pa kusimama hapo. Linalowezekana ni kukubaliana mapema, kwa maandishi, juu ya mtu mmoja wa nje, mhasibu au mfanyabiashara mwenzake anayeaminika na pande zote, ambaye hakuna barua ya kuachishwa kazi itakayotoka kabla hajamsikia mfanyakazi.