Stempu ile haimtoshi Forsberg

Mtajie Msweden wa makamo jina la Peter Forsberg, atakuanzia na bao la Lillehammer, Norway, 1994. Fainali ya hoki ya barafuni ya Olimpiki, Sweden dhidi ya Kanada, sare 2-2, wako kwenye penalti. Kijana wa miaka 20 anateleza kumfuata kipa Corey Hirsch, anamvuta upande mmoja mpaka anahama mwili mzima, halafu anaachia mkono mmoja, ananyoosha gongo kwa mkono uliobaki na kukisukuma kile kisahani cheusi, ukubwa wa kopo la rangi ya viatu, upande wa pili. Taratibu, kama anayerudisha kikombe kabatini. Kipa wa Sweden, Tommy Salo, akaokoa ya Mkanada Paul Kariya, Sweden ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mchezo huo.

Mwaka uliofuata posta ikalichapa bao kwenye stempu. Hirsch akagoma sura yake kutumika, ikabidi kipa wa kwenye stempu abadilishwe rangi ya jezi. (Hata mimi ningegoma.)

Ni bao tamu, sibishi, ingawa Msweden mwenzake Kent Nilsson alishafunga la aina hiyo kwenye mashindano ya dunia ya 1989. Kinachonikera ni kwamba stempu imemfanya Forsberg aonekane mfungaji. Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, alicheza mechi 708, akafunga mabao 249 na kutoa pasi za mabao 636. Huyo ni mpishi anayekula mwisho!

Na hakuwa mpishi mpole. Mimi barafu naijua ya kwenye friza tu, lakini nimeangalia video zake mpaka bando likakata, na kitu ninachorudia si mabao. Beki anakuja mbio amkumbe ukutani. Forsberg anamwahi, anamrudishia nyonga na bega, na aliyekuja kukumba ndiye anayekaa chini. Kisahani bado kiko kwenye gongo lake. Sekunde moja baadaye pasi imeshaondoka.

Mwili ndio uliolipa deni. Mwaka 2001 aliondolewa bandama katikati ya mtoano. Wenzake wa timu yake ya Colorado wakachukua Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, yeye akiwa nje. Msimu uliofuata hakugusa barafu mpaka mtoano ulipofika, akaingia na kuongoza wachezaji wote kwa pointi (mabao na pasi za mabao zikijumlishwa), 27. Uliofuata tena akapata pointi 106 na tuzo ya mchezaji bora wa ligi.

Kisha mguu wa kulia. Kwa mchezaji wa barafuni kiatu ndicho kila kitu: kisipobana mguu sawasawa, huwezi kukata kona wala kusimama ghafla. Akapasuliwa, akabadilisha viatu, vikachongwa upya, akapasuliwa tena. Miaka ikaishia hapo, kwenye kutafuta kiatu.

Februari 2011, akiwa na miaka 37, alirudi Colorado kujaribu. Mechi 2 tu, akastaafu. Wapo wanaosema alijiharibia mwisho, kwamba angebaki nyumbani Örnsköldsvik na medali zake, ikiwemo dhahabu ya pili ya Olimpiki ya 2006. Sikubaliani nao. Mtu aliyekuwa akiwageukia mabeki badala ya kuwakwepa, mlitegemea aukubali mguu kwa kuambiwa tu? Ilibidi aingie barafuni aukubali mwenyewe.