Anayeicheka Eclipse anaitumia

Fungua Eclipse au IntelliJ IDEA, zana kubwa za kuandikia programu, mbele ya waandika programu wa hapa Tanga uone utakavyochekwa. Fundi wa kweli, watakwambia, hutumia Vim, kihariri chepesi cha maandishi, na terminali, dirisha la kuandikia amri. Hayo mengine ni kudekezwa.

Wana hoja. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 huanza kuhema kabla mradi haujafunguka. Tena kiini cha mfumo endeshi wa Linux kimekua tangu 1991 hadi mamilioni ya mistari, na wengi wa wanaokitunza hutumia kihariri cha kawaida na Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko.

Ila mabishano haya huwa ni ya kuandika programu mpya, na hiyo ndiyo kazi ndogo. Mfumo ukishazeeka, kutwa nzima ni kusoma na kugeuza alichoacha mwingine.

Chumbani kwetu Ngamiani tuliwahi kupokea mfumo wa kupangisha maghala ulioandikwa kwa lugha ya Java. Mwandishi wake aliita vitu viwili kwa jina moja, kodi: anayolipa mpangaji na inayokwenda serikalini. (Kiswahili nacho kilimponza.) Tukataka ile ya mpangaji iitwe pango. Kijana wetu akatafuta neno na kulibadilisha kwenye mafaili yote kwa mkupuo. Programu ikakompailiwa, yaani ikageuzwa iweze kuendeshwa na kompyuta, bila kosa hata moja. Ankara ndizo zilizotuumbua: zilitoka zimeandikwa “pango 18%”.

Kwenye IntelliJ unaweka kishale juu ya kodi iliyomo ndani ya klasi (fungu la msimbo) ya Mkataba, unabonyeza Shift+F6, inageuka hiyo tu popote inapoitwa, na ile ya serikali haiguswi. Kwa Vim tupu zote mbili ni herufi nne. IntelliJ inajua ipi ni ya nani. Wala si ujanja wa juzi, watu wa Smalltalk, lugha ya zamani ya programu, walikuwa nao miaka ya 1990.

Kwa lugha za Python na JavaScript sitaapa, maana huko aina ya kitu mara nyingi hujulikana programu ikishaanza kukimbia, na zana nayo hubahatisha.

Watu wa Vim watajibu kwamba tangu Microsoft ilipotoa itifaki ya seva za lugha mwaka 2016, yaani njia ya kihariri chochote kuiuliza programu ya pembeni inayoielewa lugha husika, nao wanayapata hayo yote. Kweli. Jirani yangu wa meza, bingwa wa kucheka, ameiunganisha Vim yake na seva ya Java. Seva yenyewe imejengwa juu ya Eclipse, na feni ya kompyuta yake naisikia hadi huku.